Kabla ya Kisu

Barua ya rufaa ina mstari mmoja:
Jipu la utosini. Lipasuliwe.
Chini, sahihi ya Daktari Jamsran,
ambaye kisu chake hakijui kusubiri.

Mtoto ana miaka mitano, jina lake Tuvshin.
Bibi yake, Tserenkhand, amemleta kutoka ng'ambo ya Khangai,
saa sita juu ya pikipiki, theluji ya Aprili usoni,
kitambaa cha kichwani kimegandamana na usaha.

Naosha mikono, naipasha kwenye jiko la makaa.
Ngozi huongea na mkono wenye joto;
ule wa baridi huifunga mdomo.

Kitambaa nakilowesha, kinaachia polepole.
Uvimbe mpana kama kifuniko cha birika, unatepeta,
usaha unachungulia kwenye matundu kumi, ishirini,
kama asali kwenye sega.
Tezi za shingoni ni njegere. Homa hana.
Jipu gani hili lenye milango mingi hivi?

Nashika unywele mmoja kwa koleo.
"Ukiuma, sema."
Unatoka kama uzi kwenye siagi.
Wa pili. Wa tatu. Anacheka.

"Nani mwingine anajikuna nyumbani?"
Hakuna, anasema bibi. Kisha anafikiri,
anapandisha mkono wa joho lake:
duara jekundu, kingo zimeinuka, katikati pamepoa.
"Hiki si kitu. Ni cha kazi."
"Na mifugo?"
Hapo anatabasamu, kana kwamba nimeuliza hali ya shemeji.
Yupo ndama wa yaki, aliyefiwa na mamaye Februari,
analala ndani ya hema la sufi, karibu na jiko,
na mtoto humlalia ubavuni.
Siku hizi ana mabaka kuzunguka macho,
amevaa miwani ya majivu.

Husemwa upele humwota asiye na kucha.
Huyu anazo zote kumi,
na chini ya kila moja kuna zizi zima.

Nauweka unywele juu ya kioo, tone la potasi, nangoja.
Muuguzi Narmandakh anachochea moto.
Dakika ishirini hizi sikufundishwa chuoni.
Alinifundisha msichana wa Bayankhongor, mwaka wangu wa kwanza:
jipu la utosini, niliandika, lipasuliwe.
Likapasuliwa.
Leo ni mwalimu wa hesabu,
na hata Julai, darasani, havui kofia.

Nainamia hadubini.
Shanga. Shanga tupu,
zimeuvika unywele tangu mzizini.

Ni mapunye, bibi, yamekasirika tu.
Mwili unapigana na kuvu ya ndama,
na uchafu huu wote ni wa vita.
Kisu hapana. Vidonge, wiki nane,
kila kimoja na kijiko cha malai; dawa hii hupenda mafuta.
Wewe upake hii mkononi. Ndama alale nje.
"Nje?" anauliza Tuvshin, na kwa mara ya kwanza analia.

Bibi hajaondoka. Anazungusha kofia yake mapajani.
Nywele hizi ni za tumboni, bado hazijakatwa.
Akiwa na miaka mitatu babu yake alifariki, wakaahirisha.
Mwaka huu wageni wamealikwa,
mkasi umefungwa hariri ya samawati,
kila ndugu akate kishungi chake.
Na sasa zinaanguka zenyewe. Ni ishara gani?

Sina kioo cha kuliweka swali hilo.
Nasema: mchemshe mkasi. Wageni waje Agosti.
Waanze upande wa kushoto.
"Zitaota?"
Nyingi.
Anasikia nilichokiacha, hasemi neno.
Anaokota nywele mbili zilizobaki mezani;
namzuia, natafuta kichupa,
nakiziba vizuri, nampa.

Jioni naigeuza barua ya Jamsran,
naandika nyuma kwa kalamu inayokauka:
Si jipu. Kwanza uliza habari za ndama.