Pete ya Mwenzake

Kamera ya mjomba Ambakisye
ina lenzi ya milimita thelathini na tano
iliyovishwa pete ya hamsini.
Watu husema, kama chanda na pete.
Hapa chanda ni cha huyu, pete ni ya yule,
na ndoa yao ina miaka arobaini na moja.

Ukiweka jicho kwenye tundu
mistari myeupe inakuchorea chumba kidogo:
bwana harusi, bibi harusi, mwavuli mmoja.
Basi, inasema mistari. Hao ndio watu wako.
Lenzi haijasikia.
Lenzi inaona mpaka uani.

Tukuyu nzima ilimjua kwa kosa hilo.
Mzee Mwaipopo alilipia picha ya peke yake, suti mpya;
akapata suti, na mbuzi wa Syekela,
na nusu ya Syekela mwenyewe
akiinama kuokota kandambili topeni.
"Na huyu mbuzi nimlipie mimi?"
Mjomba akashika mkasi, akamtoa mbuzi,
akambakiza Mwaipopo mwembamba kama njiti ya kiberiti.
Vipande hakutupa.
Alivitia kwenye kopo la majani ya chai.

Mimi nilifundishwa kwenye ngazi za kanisa,
mvua ikivuta pumzi kidogo.
Kwanza vivuli viwili: zungusha
mpaka pua ikae juu ya pua
na mtu aache kuwa pacha wa nafsi yake.
Kisha sogea, sogea tena,
mpaka watu wafurike nje ya mistari.
Kuna kikono hapo mbele; ukikisukuma
mistari ya kweli inajitokeza, mipana,
ukikiachia inarudi kwenye uongo wake,
nawe una mikono miwili tu
na mvua ya Tukuyu haimsubiri mtu.
"Kwa hiyo ukariri uongo wake," akasema,
"kama unavyokariri njia yenye shimo."

Sikukariri.
Picha zangu za mwanzo: ubatizo wenye ndoo tatu;
wahitimu wadogo kama kunde, katikati,
na Mlima Rungwe umewakalia
kama mgeni aliyefika na mizigo.

Juzi nikaipeleka Mwanjelwa, kwa fundi Gwamaka wa saa.
Akaigeuza pete chini ya taa.
"Nipige tupa hapa, unywele tu,
mistari itakaa sawa. Elfu kumi na tano."
Tupa ilikuwa tayari mkononi.
Nikamwambia, ngoja.

Kwa sababu ya lile kopo.
Mjomba alipozikwa, mimi ndiye niliyelifungua.
Mbuzi walikuwamo, na ndoo, na viwiko vya watu,
na mama.

Mama hakupigwa picha, ndivyo tulivyoamini;
kwenye msiba wake tuliweka ua mahali pa sura.
Kamera ikitoka, anafunika mdomo kwa khanga,
anahamia upande wa migomba,
anauliza kutoka huko, "Nimo?"
Na mjomba, jicho tunduni,
akisoma mistari kwa uaminifu wote,
anamjibu, "Humo."

Humo.
Neno lenyewe lilikaa kote kuwili.
Yumo humo, kipande cha upana wa vidole vitatu,
muwa mkononi, khanga imemshuka begani,
anacheka na lile pengo la jino
alilotuficha maisha yake yote.

Fundi alinitazama kama anayeona pesa ikiondoka.
Nikamlipa elfu mbili afute vumbi la kioo.

Jumamosi, harusi Katumba.
Nimesogea. Watu wamefurika.
Msichana wa sufuria anakata kushoto, vidole vina masizi,
anasita:
"Dada, nimo?"
Naitazama mistari.
"Humo," namwambia. "Pita tu."