Mishale Juu ya Kichala

Ukungu umeikalia Padova tangu Jumatatu.
Dirishani siuoni hata mto,
nasikia tu kengele za baiskeli zikilia kwa woga
na mtu akimtukana mbwa wake kwa Kiveneto.
Siku kama hizi ndizo nihesabupo nyota.

Nina picha mbili za mahali pamoja:
kitovu cha Omega Kantarusi,
kichala cha nyota mamilioni zilizobanana,
nyekundu, buluu, nyingine rangi ya samli.
Darubini iliipiga ya kwanza ikizunguka juu ya mawingu yetu,
ikarudi baada ya miaka minne, ikapiga ya pili.
Katika miaka hiyo nilihama nyumba mara mbili,
nikang'olewa jino,
Fiorenzo akastaafu akaniachia kiti chake kibovu.
Nazo nyota, kwa mwendo wa kuimaliza Italia nzima
kwa dakika moja na ushei,
pichani zimesogea
sehemu moja ya ishirini
ya pikseli moja.

Huo ndio ninaousaka.
Kwanza naziondoa zinazong'aa kupita kiasi,
zilizomwagikia jirani.
Kisha alama za chembe zilizoigonga kamera
zikajifanya nyota.
Namba 41207 ilininyima usingizi wiki nzima:
wenzake huku na huku kama nyuki,
yeye anakata moja kwa moja, kama mwenye treni ya kuwahi.
Nilidhani nimemfuma mtoro.
Kumbe si wa ukoo ule. Yuko karibu nasi zaidi,
mpita njia aliyekatiza mbele ya kamera
wenye harusi wakipigwa picha.
Nikamfuta. Nilisikitika kidogo.

Waliobaki nawachorea mishale.
Kompyuta inawasukuma mbele: miaka mia, elfu,
elfu kumi. Hapo naizima.
Mishale yangu imenyooka
kwa kuwa miaka minne haitoshi
kumwona mtu akikata kona.

Jioni Bi Gelinda wa ghorofa ya chini anapandisha mayai.
Analalamikia bili ya gesi, goti na meya, kwa mpangilio huo.
Namwonyesha. Anauliza, wakitoka nje watakiona upande gani?
Hakionekani, nasema. Hakichomozi kamwe huku kwetu.
Kiko kusini, nyuma ya vilima, chini ya upeo,
chini ya viatu vyetu.
Mimi mwenyewe sijakiona kwa macho.
"Na mwanga wake umetembea muda gani?"
Miaka elfu kumi na saba hivi.
Anakokotoa kwa vidole, trei ya mayai mapajani.
"Basi hayo unayoyatabiri yamekwisha kutokea."

Ana bati la biskuti lililojaa barua
za shangazi wa nyanya yake, aliyekwenda Brazili kupanda mizabibu.
Huku waliuliza: mtoto ameshaota meno?
Barua ikivuka bahari, ikipotea, ikipatikana,
ikifika mtoto anachota maji kisimani
na ameshapata mdogo wake ambaye huku hawajamsikia.
"Wewe si mtabiri," anasema. "Umepata barua
iliyochelewa, ukurasa wa mwisho umenyofoka,
nawe unaujaza kwa kukisia."
Nilitaka kumjibu kwa hesabu za makosa,
asilimia, mikunjo ya uzito.
Nikamlipa yuro tatu za mayai.

Aliomba picha, nikamchapishia kubwa, pamoja na mishale.
Jumapili nilishuka kurudisha trei nikaikuta
jikoni, kando ya kalenda ya benki,
imetundikwa juu chini.
Nilifungua mdomo, nikaufumba.
Kule hakuna juu.
Mshale mmoja, ule mrefu wa kona,
unatoka nje ya karatasi
na kuelekea kwenye swichi ya taa.