Fundo

Mfuniko wa mtaro wa Bungoni ulishauzwa kwa kilo
kabla sijafika. Nilikuwa nimebeba
mita nne za kitenge cha watu, naangalia juu
kama mvua itaniwahi au nitaiwahi.
Mguu ukaingia. Mimi nikabaki nje.

Pale Amana daktari kijana akainua picha dirishani:
"Ufa tu, mama. Mwembamba kama unywele.
Hapa kwenye fundo." Aliposema ufa
nikakaa tayari kwa methali,
ila yeye akaandika wiki sita, akaita, "Anayefuata!"

Wiki sita. Tiketi ya treni ni ya wiki ya saba,
imelala kwenye kopo la vifungo:
Dar mpaka Mbeya, daraja la pili, kitanda cha chini.
Cha chini nilikichagua mwenyewe, kabla sijavunjika.
Sijui nani aliniambia.

Watoto wa uani wameibatiza plasta yangu muhogo.
"Shikamoo, bibi Muhogo." Marahaba.
Joto la Januari linaingia humo na halitoki.
Najikuna kwa rula ya mbao,
haifiki panapowasha. Haijawahi kufika.

Cherehani naisukuma kwa mguu wa kushoto.
Wa kushoto haujui kushona, ulizoea kusindikiza.
Mishono inakwenda upogo, nafumua, narudia,
na Bi Mwanakombo anasema heri mkono uliopinda
kuliko gauni lisiloiona Alhamisi.

Ni cherehani ya mama.
Niliipakia kwenye basi alfajiri, siku ya tatu baada ya matanga,
Subilaga akiwa bado amelala.
Miaka sita. Hakuuliza, sikusema.
Kwetu Tukuyu wanasema yeye ana fundo,
huku nasema mimi sina.
Lugha imetupa neno moja tu
la uzi, la mguu, la moyo,
na mimi fundi nilidhani nalijua.

Plasta ilipokatwa, mguu ulitoka mwembamba, wa kijivu,
una magamba, kama mgeni aliyelala njiani siku nyingi.
Bwana Nandonde wa mazoezi akanilaza chali:
"Andika hewani kwa kidole gumba,
a, b, ch, mpaka z. Asubuhi na jioni."
Siku nne niliandika alfabeti.
Siku ya tano mguu ukachoka kuandika visivyosomeka:
S, ikauma. U, ikapita. B,
ikauma zaidi pale inaporudi tumboni.
I. L. A. G. A.
Nikapumzika. Shuka limekunjamana
kama karatasi ya mtu aliyeandika, akafuta.

Zimebaki siku tisa. Nafika dukani kwa gongo moja.
Nimekifungua kichwa cha cherehani kwenye meza yake,
nimekiviringisha kanga mbili na gunia.
Kizito kama mtoto wa miaka miwili, asiyelia.
Gongo linataka mkono mmoja, kichwa kinataka miwili.
Nimepima mara tatu, kama anayekata kitambaa cha ghali.
Haitoshi.

Ningekuwa mzima ningekibeba mpaka kwake,
nikakitua kizingitini, nikageuka
nimenyooka hivyo hivyo.

Umeme ulikuwa umekatika. Nikaandika gizani,
mwanga wa simu usoni:
Nashuka Mbeya Jumapili. Nina mzigo wa mama.
Nilivunjika mguu, mzigo siuwezi peke yangu.
Njoo stesheni.

Jirani akavuta kamba ya jenereta, likakohoa, likagoma,
akavuta tena. Nikautia mguu
kwenye beseni la maji ya chumvi.
Simu ikatetemeka juu ya kopo, vifungo vyote vikasikia.
Hakuna shikamoo, na mimi ndiye mkubwa.
Maneno mawili:

Mguu upi?