Spana Namba Kumi na Tatu

Mara ya kwanza tulichora kwa chokaa
nyuma ya bomba la maji, Dandora, Awamu ya Pili:
hapa watu wakae, hapa watoto wacheze,
hapa njia, nyoofu kama rula.
Kufika saa nne mitungi ilikuwa imeshapita
mshazari, juu ya "watu wakae",
na nyayo zenye maji zimefuta chokaa
zikichora njia yao.
Nikapiga picha. Odera akacheka:
"Umesahihishwa."

Mara ya pili, maboksi.
Benchi la maboksi ya friji, gundi na kamba,
lililobeba kina mama watatu na gunia la sukuma
hadi mvua ya saa tisa.
Kesho yake tulikuta uji wa karatasi
na mbuzi akiumalizia.
Lakini Kerubo wa viazi alikuwa ameshatuachia neno:
liko juu mno hili,
miguu inaning'inia kama ya mgeni.
Tukapunguza sentimita saba.

Ya tatu sitaisimulia.
Mbao za paleti, msumari, kidole cha mtoto,
na mimi dirishani pa zahanati nikilipa,
nimeinamisha kichwa.

Mara ya nne, paipu tisa za plastiki,
fupi kwa ndefu;
ukizipiga kwa ndara zinatoa sauti.
Hesabu yangu ilisema watoto kumi.
Walikuja sitini. Walipiga asubuhi,
walipiga adhuhuri, walipiga
mpaka Mulandi, mlinzi wa usiku huko viwandani,
ambaye mchana ndio usiku wake,
akatokea na shuka mabegani, macho mekundu.
Nikajua: leo tunang'olewa.
Hakusema kitu. Alirudi ndani,
akatoka na tairi kuukuu na kisu,
akaivisha kila paipu shingo ya mpira.
Akapiga moja. Ikajibu kwa chini,
kama mtu anayeongea
mlangoni pa chumba cha mgonjwa.
Akapiga ya pili.
Akapiga zote.
Usingizi hakuurudia siku ile.

Ya tano tulimfuata yeye.

Ofisi inauliza: zege tumwage lini?
Mchoro wa mwisho uko wapi?
Nimefungua daftari. Doa la chai, doa la mafuta ya viazi,
vidole vya nani sijui.
Wa mwisho siuoni.

Basi ya sita tumeifunga kwa boliti,
na spana, namba kumi na tatu,
tukaitundika kwa waya wa breki ya baiskeli
kando ya bomba.
Odera alisema haitalala hapo.

Kweli, Jumatatu haikuwepo.
Jumanne imerudi, imepakwa grisi,
na benchi limehama
hatua nne, kwenye kivuli cha ukuta,
limeipa barabara mgongo,
linatazama paipu.
Sikuliweka hivyo. Nisingewaza.
Nimekaa.
Miguu imefika chini.