Unene wa Penseli

Penseli yangu ina ncha ya nusu milimita.
Kwenye ramani hii, moja kwa elfu kumi,
nusu milimita ni mita tano za Jomvu:
jiko la mtu, choo chake,
safu tatu za mikoko, na kaa ambao hakuna aliyewahesabu.
Hayo sikufundishwa chuoni.
Niliyajua Jumanne, tope magotini.

Ghorofa ya tatu, feni yapekua mafaili kutushinda sisi.
Bwana Mwatsahu ameshatia rangi:
manjano, nyumba; zambarau, maghala;
kijivu, barabara ya malori ya bandarini.
Kando ya hori ameacha peupe,
na juu ya weupe kaandika kwa mwandiko wake mzuri:
ardhi tupu.

Nikaenda kuutazama huo utupu.
Mchu ulikuwa umechomoza vidole matopeni.
Palikuwa na mkandaa, na muia,
na kamba wachanga, wembamba kama kope,
na Nyevu Tsuma, mweka hazina wa kikundi,
viatu vya mpira, simu kifuani ndani ya nailoni,
akihesabu miche: mia nne na sita,
shilingi ishirini mmoja, na bado hawajalipwa.
Hakuanza na salamu.
"Mlipima lini?"
Nikamsomea tarehe. Akarudi nyuma kwa vidole
hadi mwezi mwandamo,
akacheka mpaka akashika mti.
"Yalikuwa maji mafu, dada.
Mliikuta bahari imelala
mkaipimia kitanda."

Basi tukangoja bamvua, mimi na yeye,
juu ya tofali moja, kila mtu na nusu yake.
Saa kumi jioni maji yakafika kwenye kigingi chetu chekundu,
yakakishika kiuno, shingo,
yakakipita.
Yakaenda hadi pale mchoro wa mkandarasi unaposema sebule.
Mwatiko mdogo akakatiza sebuleni
bila hodi.

Lakini nami nina ndugu.
Shebwana na wanawe wanne, Mikindani, chumba kimoja,
kisima cha ua kimeingia chumvi,
na chai ya pale huinywi, huivumilia.
Mkokoteni wa maji ukichelewa, shule nayo huchelewa.
Nitamwambia nini? Subiri, kaa wanalala?
Na Nyevu mwenyewe ataka vyumba viwili vya mawe,
mawe yanayokatwa machimboni
mpaka ardhi ibaki shimo, shimo libaki dimbwi,
na dimbwi lipate wenyewe: mbu.
Nilipomtajia hilo alinyamaza,
akaupanda mche wa mia nne na saba.

Usiku nikaitandika ramani sakafuni.
Kifutio. Nikafuta ardhi tupu kando ya hori;
karatasi ikabaki na kovu, wino mzuri haufutiki wote.
Kisha nikayaandika maneno yaleyale, kwa mwandiko wangu mbaya,
juu ya maghala manne ya Shimanzi
yaliyofungwa tangu sijaajiriwa,
yenye nyasi paani, bomba la maji mlangoni,
na zege iliyokwisha kumwagwa.
Nikachora ngazi. Nikachora kamba za kuanikia nguo.
Dirisha moja nikampa Shebwana, ingawa haliruhusiwi.

Asubuhi Bwana Mwatsahu akavaa miwani.
"Haya maghala yana wenyewe."
Nikasema, "Na huku?"
Feni ikageuza ukurasa, ikaurudisha.
"Utatutia mashakani," akasema,
lakini ramani hakuikunja.

Kikao ni Alhamisi. Nimehesabu kwa vidole, kama nilivyoonyeshwa:
mwezi utakuwa na siku kumi na tano.
Nimeandika barua, nakala kwa kila mjumbe,
tukutane hukohuko Jomvu, penye kigingi,
saa kumi jioni kamili,
na kila mtu aje
na viatu vyake vya ofisini.