Dereva wa Laini ya Nne

Tilen, lifunge hilo boksi ulilolikumbatia.
Bei yake naijua, nilitia saini mimi.
Kadi ya mtandao yenye mbio mara kumi ya ile ya zamani,
inang'aa kama jino la dhahabu.
Lakini tanuri letu, hapa kando ya Sava,
halijamwomba mtu mbio.
Limeomba kuwahi.

Tazama kule juu: tone la kioo linaning'inia,
jekundu, zito, kama asali iliyolala nje kwenye baridi.
Mkasi una milisekunde moja ya kusikia amri,
kukata, kufumbua midomo, kungoja tena.
Mota ishirini na nne, kebo moja;
furushi moja la data linapita mlango kwa mlango bila kubisha,
linaacha neno, linachukua neno,
na sharti lirudi nyumbani kabla milisekunde haijakata roho.
Wahenga walisema kawia ufike.
Hawakufanya kazi ya chupa.
Hapa aliyekawia hajafika.

Sasa, dereva.
Jana ulimweka yule wa jumla, anayekuja na kila Linux,
kwa kuwa anakubali kadi yoyote na hana makuu.
Simtukani. Ni mtu wa watu.
Kasoro yake ndiyo hiyo hiyo:
kila furushi sharti alipitishe sebuleni,
kwenye foleni, vichujio, salamu na habari za nyumbani,
na Gorazd akinakili faili kubwa kule ofisini
mkasi wetu unakalishwa kwenye kochi.
Nayo kadi yako, kwa ustaarabu wake,
hukusanya mafurushi matano, sita, saba,
ndipo imguse kichakataji bega:
samahani, una wageni.

Ukanionyesha wastani. Maikrosekunde kumi na mbili!
Wastani ni mwongo mpole.
Wastani wa joto la kiwanda hiki nao ni mzuri
ukichanganya tanuri na theluji ya maegesho.
Mimi niambie ile mbaya kuliko zote.
Saa tisa na dakika kumi na saba, usiku wa kuamkia Jumanne:
elfu moja mia tisa.
Mara moja tu katika saa nane.
Chupa yake hii hapa,
shingo imepinda kama ya mtu anayesikiliza mlangoni kwa watu.

Nipe bisibisi.
Fungua droo ya Metka, chini ya betri zilizokufa:
ile kadi niliyoing'oa kwenye kompyuta ya mizani.
Ya kijani, ndogo, haina sifa.
Ila dereva wake aliandikwa kwa kazi hii tu.
Hangoji kuguswa bega; kila mzunguko huchungulia mlangoni mwenyewe.
Sebuleni hapiti. Barua pepe hapokei.
Ameoana na toleo moja la kiini,
na hilo ni deni, nakwambia mapema:
sasisha mfumo Ijumaa jioni kwa furaha zako,
Jumatatu hatakutambua.

*

Kumekucha. Nimenakili faili, nimejaza diski,
nimemwamsha Gorazd afungue kamera zote tisa,
akanitukana kwa heshima.
Mbaya kuliko zote: thelathini na nane.

Bahati, unasema.
Huenda. Tutapima tena leo, na kesho,
na siku watakapochomelea vyuma jirani na kebo.

Boksi lako mpelekee Gorazd; mbio zina wenyewe.
Na ile chupa usiitupe kwenye vigae.
Ijaze maji, iweke mezani pako.
Haivuji, nimeijaribu.
Ila ukinywa,
maji yanakuja kwa pembeni,
kitambo kidogo
baada ya mdomo kuyatazamia.