Safu ya Mwisho

Erzurum, Januari. Theluji imepanda hadi kwenye dirisha
nami niko chini ya ardhi, chumba cha kumbukumbu,
hospitali ya meno, na madaftari ya miaka ishirini
yaliyonywea kama ufizi wa kikongwe.

Profesa Mübeccel anataka jedwali.
"Umri, jinsia, upande wa taya, jina la uvimbe. Basi.
Usiniletee hadithi, Tahsin. Niletee hesabu."

Nahesabu.

Vifuko vya mizizi ndivyo vingi, kama nilivyodhani:
jino lilioza, mwenyewe akalipuuza, akatafunia upande wa pili
hata likafa kimya, na chini yake maji
yakajichimbia kisima ndani ya mfupa.
Wanaume, wengi wao. Miaka thelathini, arobaini. Juu, mbele.
Madereva wa malori, wafuga ng'ombe, mwalimu mmoja wa hisabati.
Mji huu hunywa chai na bonge la sukari limebanwa menoni;
nami nimelibana sasa hivi, huku naandika haya.
Mganga hajigangi.

Kisha vile vinavyolikumbatia gego lisilozaliwa,
gego la mwisho, limelala kifudifudi gizani
kama mtoto aliyegoma kuamka kwenda shule.
Hawa ni vijana. Hawakuhisi kitu.
Waliumbuliwa na eksirei iliyopigwa kwa jambo lingine.

Na mzaha wa mwili: mvulana wa Horasan, miaka kumi na miwili,
uvimbe wake ulipopasuliwa vikatoka
vijino ishirini na saba, punje za mchele,
kila kimoja na enameli yake,
vimejipanga kukingoja kinywa ambacho hakikuwapo.
Mama ameviomba, imeandikwa. Amepewa.

Jedwali linajaa. Ruwaza inajitokeza
kama uso kwenye kioo chenye mvuke.
Sikatai, kuna raha katika kujumlisha.

Nambari 412. Gülizar, kumi na tisa, kijiji cha juu ya Tortum.
Taya la chini, kushoto, nyuma. Uvimbe wa miaka mitatu.
Ameloblastoma: jina refu kuliko la ukoo wake.
Si saratani, aliandika mtu, ila unakula mfupa
polepole, mchwa na boriti.
Picha imegandishwa kwa gundi: ameshika ncha ya mtandio
shavuni; ameambiwa aushushe, ameushusha nusu.
Safu ya mwisho, matibabu,
tupu.
Pembeni, kwa wino mwingine: Hakurudi. Barabara ilifungwa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka sita.
Ninaikumbuka theluji ile. Tuliifurahia; shule zilifungwa pia.

"Zisizokamilika ziondoe," profesa asema kwenye simu,
na yuko sahihi, kanuni ni kanuni.
Thelathini na nane wanatoka.
Asilimia zinakaa vizuri zaidi.

Usiku umeingia. Sukari imeyeyuka.
Ulimi wangu, bila kutumwa, unapapasa
nyuma, chini, kushoto,
mahali ambapo sina kitu.
Nachukua penseli. Chini ya jumla, nje ya mstari,
naandika jina lake, dogo mno,
asilione atakayekagua,
alione atakayetafuta.